Kulala katika nyumba ya ukoo Mkomani, Lamu: huduma ya kusifiwa, hesabu ya kuulizwa

Nyumba za wageni mjini Lamu zinafanana kwa nje kiasi cha kumchanganya mgeni, lakini zinatofautiana sana katika jambo ambalo picha za matangazo hazilionyeshi, yaani nani anazimiliki na nani anazifanyia kazi. Ninayoitathmini hapa ni nyumba ya mawe ya ghorofa mbili katika mtaa wa Mkomani, hatua chache nyuma ya njia kuu ambayo wenyewe huiita Usita wa Mui. Nyumba nyingi jirani zimeshauzwa. Yenyewe ingali mikononi mwa ukoo ulioijenga, na ukoo huo ndio unaoikodisha chumba kimoja kimoja. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa watu walionieleza mambo yake wanapata riziki yao humo, na Lamu ni mji ambao mtu hupiga chafya Mkomani akaombewa afya Langoni, upande wa pili wa mji.

Hukumu yangu niitangulize. Kwa mgeni anayelipa, haya ni malazi mazuri kuliko yote niliyopata kuyaona katika pwani ya Kenya kwa bei hiyo, na uzuri wake unatokana na undugu. Undugu huohuo, hata hivyo, ndio unaoamua nani ale kiasi gani kutokana na pesa ya mgeni, na sioni kwa nini anayelipa asilijue hilo kabla hajafungua mkoba.

Huduma huanzia baharini. Uwanja wa ndege uko kisiwani Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari, na anayekuja kwa basi hushukia Mokowe upande wa bara, kwa hiyo hakuna anayeingia mjini bila kupanda chombo. Nyumba hii humtuma nahodha wake mwenyewe, kijana ambaye ni mtoto wa dada yake mwenye nyumba. Kwenye gati la mjini, ambako mgeni asiye na mwenyeji huvamiwa na vijana wanaonadi vyumba, safari za mashua na huduma ya kumwongoza njia, nahodha alisema maneno matatu tu, "Ni wa kwetu," na vijana wale wakarudi nyuma kwa adabu, mmoja wao akapokea begi na kulipandisha juu ya punda. Tangu hapo hadi nilipoondoka hakuna aliyenisumbua njiani. Wanaolalamika kwamba Lamu ina usumbufu mwingi wa madalali wafahamu kwamba usumbufu huo unawaelekea wasio na mtu. Mwenye mtu anapita, na jambo hili ni la kweli pia kwa mwenyeji anayetafuta kazi, kama nitakavyoeleza.

Nyumba yenyewe inastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu ndiyo inayolipiwa. Mtu huingilia dakani, penye mabaraza mawili ya mawe yanayotazamana, akavuka mlango wa nakshi na kupita tekani, ambapo njia imepindishwa makusudi ili aliyesimama barabarani asiyaone ya ndani, kisha akatokea kiwandani, ua mdogo ulio wazi juu, ambao ndio unaoipa nyumba mwanga na hewa. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kwenda ndani: misana miwili, kisha ndani yenyewe, yenye ukuta uliojaa zidaka zilizochongwa katika chokaa, safu juu ya safu, ambamo zamani ziliwekwa sahani za Kichina na misahafu na leo zimewekwa taa ndogo na, katika kimojawapo, kichaji cha simu. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na boriti hizo hazizidi sana mita mbili na nusu hadi tatu. Kuta za matumbawe ni nene kiasi kwamba saa saba mchana, jua likiwa limesimama utosini, mtu hulala bila feni na akajifunika shuka alfajiri.

Chooni kuna birika la mawe la kuhifadhia maji ya kuogea, na ndani ya birika wamo samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Ni desturi ya kale ya nyumba za Lamu, na nimefurahi kuona kwamba hapa haikufanywa pambo la kupigiwa picha. Samaki wanafanya kazi yao. Bomba la mvua lipo pia, kwa asiyetaka kuoga kwa kata. Maji yana munyu kidogo, sabuni haitoi povu sana, na ya kunywa huletwa chumbani katika chupa. Kuhusu intaneti sina la kusema ila kwamba hupatikana juu ya paa.

Ghorofa ya juu ndiyo yenye kitu ambacho sikukiona katika nyumba nyingine yoyote ya wageni niliyoingia mjini humo: wikio linalotumika. Wikio ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kikaunganisha nyumba mbili zilizo pande mbili za njia, ili wanawake wa jamaa moja wapite kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka chini na kuonekana na wapita njia. Mengi yaliyosalia Mkomani yamezibwa, kwa kuwa nyumba ya upande huu imebaki kwa wenyewe na ya upande ule imeuzwa kwa mgeni. Hapa pande zote mbili ni za ukoo mmoja, na kila alfajiri nilisikia nyayo zikipita juu ya njia: ni khalati yake mwenye nyumba, yaani dada wa mama yake, akivuka na kikapu cha mahamri.

Ajabu ya mpango huu ni kwamba unafuata upande wa mwanamke. Katika jamaa za waungwana wa Lamu baba alimjengea binti nyumba, au alimpandishia ghorofa juu ya nyumba yake mwenyewe, na bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Zawadi hiyo ilitolewa baba akiwa hai, kwa hiyo haikuingia katika mirathi, ambayo kwa sheria ya Kiislamu humpa mtoto wa kiume mafungu mawili kwa fungu moja la dada yake. Nyumba hii imepita kwa njia hiyo kutoka kwa mama hadi kwa binti, na mwenye nyumba wa sasa, bibi wa makamo ambaye wote humwita Bi Mkubwa ingawa hana umri huo, aliipata siku ya arusi yake. Ndiyo maana bado ipo. Nyumba zilizoachwa zigawanywe baada ya mauti ziliangukia mikononi mwa warithi wengi, wengine wako Mombasa, wengine Muscat na Dubai, na chumba cha mita tatu hakigawanyiki kwa watu wengi. Suluhisho likawa kuuza, na mnunuzi mwenye fedha taslimu mara nyingi alitoka Ulaya. Anayetaka kuona mwisho wa mwendo huo aende Shela, mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kando ya bahari, ambako nyumba nzurinzuri hufungwa sehemu kubwa ya mwaka na wazawa wa kijiji ndio walinzi wake.

Tuje kwenye chakula, ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Kifungua kinywa ni mahamri yenye iliki ya kutosha, mbaazi za nazi, na chai ya maziwa au ya tangawizi. Siku moja mahamri yaliacha nafasi kwa mkate wa mofa, uliookwa kwa unga wa mtama katika mofa ya udongo, ukaletwa ukiwa bado unachoma vidole. Chakula cha usiku huagizwa kabla ya sala ya adhuhuri, na huo si urasimu, kwa sababu samaki hununuliwa siku hiyohiyo sokoni kando ya Ngome. Nilikula samaki wa kupaka ambaye sijamwona mfano wake. Alikuwa changu mzima, aliyepasuliwa na kubanikwa juu ya makaa, akapakwa tui zito lililotiwa ndimu, pilipili mbichi, kitunguu saumu na ukwaju, kisha akarudishwa motoni, akapakwa tena, hadi tui likashikamana na ngozi na kufanya utando wa rangi ya dhahabu uliokatika kwa kijiko. Pembeni palikuwa na wali wa nazi, achari ya embe na kachumbari. Bei yake, shilingi 1,200, ni nusu ya kile kinachotozwa katika mikahawa ya ukingo wa bahari kwa samaki mdogo zaidi.

Samaki huyo hapikwi katika nyumba ya wageni. Hupikwa ng'ambo, katika jiko la khalati, na huvuka wikioni katika sinia lililofunikwa kawa. Niliruhusiwa kuvuka na kutazama, mwenyeji akiwa amekwisha kubisha na kutoa taarifa, na nilichokiona ni kwamba aliyekaa mbele ya makaa akipaka tui kwa kitita cha majani hakuwa khalati. Alikuwa dada mmoja wa kutoka bara, upande wa Witu, aliyejifunza kila kitu kwa miaka mingi jikoni humo, na ambaye kwa uaminifu wa ulimi wangu ndiye mpishi. Khalati alikuwa ameketi juu ya mbuzi ya nazi, akikuna taratibu na kuonja. Wageni husifu chakula cha khalati, sifa huandikwa katika kitabu cha wageni kwa jina la khalati, na malipo ya chakula, baada ya kutolewa gharama za sokoni, huenda kwa khalati, ambaye naye humlipa dada yule kwa siku. Siku isiyo na mgeni haina malipo.

Utaratibu wa malipo sikuupeleleza, nilionyeshwa. Mezani sabuleni, chumba ambacho zamani kilikuwa cha wageni wanaume na ndipo kilipo kiti cha enzi ambacho hakuna anayekikalia, pana daftari kubwa la mistari ambamo Bi Mkubwa huandika kwa mkono kila kinachoingia na kutoka, na kwa sababu nilimuuliza kuhusu tofauti ndogo katika hesabu yangu, alilifungua mbele yangu bila kuficha. Ukurasa umegawanywa. Upande wa kulia yameandikwa majina, yakifuatwa na maneno ya jamaa: mwana wa dada kwa boti, binamu kwa matembezi, shemeji kwa ukarabati, khalati kwa chakula. Hawa hawana mshahara. Wana fungu, na fungu hilo hutengwa mwisho wa mwezi hata kama safari za mwezi huo hazikufika idadi ya vidole. Upande wa kushoto hamna majina. Mmeandikwa kazi: usafi, udobi, punda, maji, jiko, na kila kazi ina kiwango chake cha siku. Usafi, kwa mfano, ni shilingi 600. Msichana anayeifanya hutandika vitanda vyote, hupiga deki kiwanda na misana, hufua mashuka, na hulala katika chumba cha chini karibu na tekani, kisicho na dirisha la maana. Binamu anayetembeza wageni alinieleza, kana kwamba ni sehemu ya ziara, kwamba vyumba vya chini katika nyumba za aina hii vilikuwa ghala na malazi ya watumwa. Msichana alikuwa anapita na ndoo wakati huo.

Haitakuwa haki kuliandika hilo bila maelezo ya mwenye nyumba, ambaye nilimuuliza waziwazi, kwa adabu inayostahili mwanamke wa makamo anayekukaribisha kwake. Hakukasirika. Alisema kwamba baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, ilipowekwa amri ya kutotoka usiku na mataifa ya nje yakawaonya raia wao wasije, nyumba ilikaa miezi bila mgeni, na ikawa hivyo tena mwaka 2020 wakati wa korona. Kwamba nyakati hizo aliyeiweka nyumba wima ni ndugu yake aliyeko Muscat, aliyetuma fedha za chokaa na boriti. Na kwamba hao wanaopokea fungu leo ndio waliokula ugali na chumvi pamoja naye wakati huo. "Msimu ukifa, mwanangu, wa nje hurudi kwao," alisema. "Sisi kwetu ni hapa. Hatuna pa kurudi." Ni hoja nzito, na asiyewahi kutunza jengo la matumbawe lililo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia, hadhi ambayo Mji wa Kale wa Lamu umekuwa nayo tangu 2001, asiidharau. Kuta hizo hazikubali saruji bila kuharibika, na kila mvua ya masika inadai fundi wa chokaa, ambao wamebaki wachache na wanajua bei yao.

Lakini hoja hiyo inajibu swali la fungu la jamaa na kuliacha la wengine. Anayerudi kwao msimu ukifa hurudi kwa sababu hajalipwa cha kumkalisha. Na kwa mpishi wa ng'ambo, aliyekaa jikoni humo kwa miaka mingi, hilo la kwao lina maana gani? Nilimuuliza Bi Mkubwa kama mtu wa upande wa kushoto wa daftari amewahi kuhamia kulia. Alifikiri kidogo, akacheka, akasema yuko mmoja: mchukuzi wa punda aliyeoa katika jamaa.

Matembezi ya mjini ni sehemu ya huduma ambayo ningeisifu nusu. Binamu ni msimulizi hodari. Anajua ukoo wa kila nyumba, nani alioa wapi, mlango upi ulichongwa na nani, na husimama mbele ya Ngome, iliyomalizwa mwaka 1821 na ambayo ilikuwa jela hadi 1984, akaeleza vita vya Shela, Lamu ilipowashinda Wapate na washirika wao wa Mombasa, kwa bashasha ya mtu aliyekuwepo. Tatizo ni kwamba ziara yake huishia sokoni na kugeuka. Langoni, nusu ya kusini ya mji, ambayo zamani ilikuwa ya nyumba za makuti na udongo na ya watu waliokuja baadaye, wavuvi, mafundi na waliotoka utumwani, haimo. Nilipomwomba tuendelee alikubali kwa upole wa mtu anayemvumilia mgeni, na akanipeleka hadi Msikiti wa Riyadha bila maelezo mengi.

Maelezo yapo, na yanahusu nyumba hii kuliko Ngome inavyoihusu. Riyadha ilianzishwa na Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl aliyetoka Ngazija, ambaye katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 aliamua kukaa Langoni na kuwasomesha watu ambao waungwana wa Mkomani hawakuona sababu ya kuwasomesha: watumwa, waliokuwa watumwa na watoto wao. Utumwa ulikuja kufutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907, na mashamba ya bara yaliyowalisha wenye nyumba za mawe yakakosa mikono ya kuyalima; kuta zikabaki, mali ikaenda. Leo Maulidi ya Lamu, yanayoujaza mji watu kutoka pwani nzima kila Mfungo Sita, kitovu chake ni Riyadha, na jamaa za Mkomani huenda huko kwa miguu. Jambo kama hilo lingekuwa hazina katika mdomo wa msimulizi kama binamu. Anayelala hapa aombe Langoni mapema, na amwombe binamu akubali kuongozana na mtu wa Langoni mwenyewe, alipwe naye.

Kwa habari ya Maulidi, onyo la vitendo: katika wiki hiyo msikodi hapa. Jamaa hufika kutoka Mombasa, Malindi na hata Uarabuni, vyumba ni vyao bila malipo, na mgeni aliyekwisha lipia anaweza kuombwa kwa maneno matamu sana ahamie nyumba ya jirani. Walionieleza haya hawakuona kasoro yoyote, na kwa mantiki ya nyumba ya ukoo haipo, ila aliyeweka nafasi miezi mitatu kabla ana haki ya kuliona kwa jicho jingine.

Safari ya mashua ni nzuri na ni ghali. Tulikwenda magofu ya Takwa kisiwani Manda, ambako ni lazima uingie maji yakiwa yamejaa kwa sababu mkondo unapita katikati ya mikoko na hukauka bamvua likitoka, na nahodha aliyapima maji kwa jicho bila kukosea. Nusu siku ilitozwa shilingi 6,000 kwa chombo kizima. Kwenye chombo walikuwa wawili: mwana wa dada aliyeshika usukani, na kijana wa Langoni aliyepandisha tanga, akatoa maji kwa kopo, akatega ndoana, akapata tasi wawili, akawabanika ufukoni, akaosha sufuria na kunisaidia kushuka. Nilipouliza, aliyefanya yote hayo hupata shilingi 700 kwa safari. Baba yake alikuwa mvuvi wa maji ya upande wa bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani kuhusu uchimbaji wa bandari hiyo, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, lakini fidia haifundishi kijana kazi nyingine, na kazi nyingine iliyo karibu ni hii ya watalii, ambayo viti vyake vya usukani vina wenyewe. Kijana ana ujuzi wa nahodha. Anachokosa ni chombo, na chombo hununuliwa kwa fedha za jamaa au kwa mdhamini ambaye ni jamaa.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yanamhusu mteja. Yanamhusu, kwa sababu bei ya chumba cha juu, shilingi 7,000 kwa Mkenya pamoja na kifungua kinywa na takriban mara mbili yake kwa mgeni wa nje, inatangazwa kwa maneno kwamba pesa yako inabaki kwa jamii ya wenyeji. Inabaki kweli, tena zaidi kuliko katika hoteli ya mwekezaji ambaye faida yake hupanda ndege. Ila "jamii" katika tangazo hilo ni jamaa, na mji una watu wengi kuliko jamaa. Ningependelea tangazo liseme nyumba ni ya ukoo na kazi ni ya ukoo. Lingekuwa la kweli, na nisingepunguza hata senti katika niliyolipa.

Kasoro ndogo zipo za kawaida. Ngazi ni za mwinuko mkali na hazina kishikio, hazimfai mzee wala mwenye goti bovu. Chandarua cha chumba cha nyuma kilikuwa na tundu, lililoshonwa siku ileile nilipolitaja. Punda hulia usiku na hakuna wa kumlaumu. Chumba cha chini kinachokodishwa kwa shilingi 3,500, kilicho ubavuni mwa kile cha msichana wa usafi, kina joto na unyevu, na simshauri mtu akichukue kwa kutaka nafuu. Afadhali apunguze usiku mmoja akae juu.

Anayekwenda aombe chumba cha ghorofa ya pili kinachotazama wikio, aagize samaki wa kupaka mapema asubuhi, na asiwakabidhi bahashishi yake binamu wala nahodha waigawe kwa niaba yake. Sisemi wataila, nasema itafuata njia ya daftari. Mpishi yuko ng'ambo, na ukiomba kumshukuru utavushwa, kwa sharti la kubisha hodi na kungoja ujibiwe. Msichana wa usafi hupatikana kiwandani kabla ya saa mbili asubuhi, na kijana wa tanga hushinda gatini akingoja kuitwa. Bi Mkubwa mwenyewe, nilipomwambia kwamba nitaandika hivi, alisema niandike, ila nisisahau kutaja kwamba malipo ya vyumba hupokewa kwa simu au taslimu na kwamba kadi za benki hawazikubali.